Njoo Mwenyewe

Kinyozi huyu watu walimwita Taratibu, na jina halikumwonea. Kichwa ambacho kinyozi mwingine angekimaliza wakati wewe bado unatafuta pa kuweka miguu, yeye alikizunguka, akakirudia, akasimama mbali kidogo kukitazama, akakirudia tena. Hakuna aliyelalamika. Ulikaa kwenye kiti chake, ukasikia mkasi ukichezacheza karibu na sikio na sauti yake ya chini ikikuuliza habari za nyumbani, na ulipoinuka ulikuwa na kichwa kizuri na roho nyepesi. Tatizo lilianza ulipouliza, "Haya, ni kiasi gani?" Hapo Taratibu aligeukia dirisha, akapangusa kitana ambacho kilikuwa kisafi, akakohoa, halafu akaelekeza wembe ukutani.

Ukutani paliandikwa bei kwa rangi nyekundu, herufi kubwakubwa kama za onyo la umeme. Si yeye aliyeziandika. Aliziandika mkewe, siku alipogundua kuwa mumewe alikuwa akiwaambia wateja, "Utakachoona kinafaa," na wateja, watu wazima wenye akili zao, waliona kinachofaa ni kidogo sana.

Tuseme ukweli: mtu huyu hakuwahi kutaja bei maishani mwake. Hakuwa bubu, wala hakuwa mjinga. Ila jambo lolote la kumkabili mtu macho kwa macho na kumwambia "mimi nataka hiki" lilimkaba koo. Alipompenda msichana wa mtaa wa pili, alimtuma dada yake akaseme. Dada akaenda, akasema, msichana akakubali, na tangu hapo msichana huyo akairithi kazi ya dada. Yeye ndiye aliyepatana kodi ya vyumba viwili walivyokaa nyuma ya saluni. Yeye ndiye aliyegombana na shule kuhusu viti vibovu. Hata fundi viatu alipompa Taratibu viatu vya mtu mwingine, tena vinavyobana, Taratibu alishukuru akavivaa mpaka nyumbani, na mkewe ndiye aliyevirudisha.

Mke mwenyewe aliuza ndoo na mabeseni sokoni, na huko alijulikana. Mteja akitamka neno "punguza", alimwangalia toka utosini hadi kwenye kandambili, mpaka mteja akajiona yeye ndiye mwenye kasoro. Kwa hiyo ndoa ilikuwa imekaa sawa: mmoja alinyoa, mwingine alisema. Wangeendelea hivyo mpaka uzeeni, kama mwenye nyumba wao asingekuja asubuhi moja, akakataa kiti, na kusema kwamba mwanawe anaoa na anavitaka vile vyumba ifikapo mwisho wa mwezi ujao.

Mke wa Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Mwenye nyumba alipoondoka, mke akasema, "Hatupangi tena."

"Hatupangi," Taratibu akakubali, maana alikuwa amezoea.

"Nasema kweli, Baba Watoto. Akiba ipo, si kubwa lakini ipo. Nimechoka kuishi na mabinti watatu nyuma ya pazia. Nataka mlango wangu. Mlango ambao nikiufunga, hakuna wa kuja kuniuliza nimeufungia nini." Alisema hayo akiwa amempa mgongo, anakung'uta mkeka ambao ulikuwa umeshakung'utwa, na Taratibu akaelewa kwamba safari hii hakuna mzaha.

Walianza na dalali, kama kila mtu. Dalali wao aliitwa Bwana Funguo, kwa sababu alitembea na kitita cha funguo kilicholia kiunoni hatua kwa hatua, na hakuna hata mmoja kati ya funguo zile uliowahi kufungua kitu mbele yao. Nyumba ya kwanza aliyowapeleka ilikuwa na watu ndani, wanakula, ambao hawakuwa na habari kwamba nyumba yao inauzwa. Waliwakaribisha chakula, Taratibu angekaa, ila mkewe alimvuta shati. Nyumba ya pili ilikuwa nzuri mno, mpaka walipogundua kwamba Bwana Funguo anawaonyesha ya jirani, na inayouzwa ni ile ya nyuma yake isiyo na paa. Kila walipotoka alidai hela ya usumbufu. Siku alipotaka kuwapeleka kwenye ya tano, mkewe alimwambia maneno ambayo mabinti walikatazwa kuyarudia, na dalali akaingia mitini na funguo zake zote.

"Sasa tunakwenda kwa wenye nyumba wenyewe," mkewe akakata shauri. "Uso kwa uso. Bila mtu wa katikati."

Akaenda, na alirudi na hadithi. Kwa mwenye nyumba wa kwanza, mke alisema kwamba choo cha pale kinafaa kufugia kuku. Kwa wa pili aliuliza kama ukuta ule mwenyewe ameujenga au umeota. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini hakuna mtu anayemuuzia nyumba mwanamke aliyemtukania choo. Baada ya lango la pili kufungwa kwa kishindo, alikaa kitandani akafikiri, na alipomaliza kufikiri akamtazama mumewe namna alivyokuwa akitazama ndoo iliyobaki peke yake rafuni.

"Wewe watu wanakupenda," akasema. "Utakwenda wewe."

Nyumba yenyewe Taratibu aliisikia hapohapo kwenye kiti chake cha kunyolea, kutoka kwa mteja mwenye povu nusu ya uso. Kule juu, karibu na kituo cha maji, kuna nesi mstaafu, mjane, amebandika kadi getini: NYUMBA INAUZWA. NJOO MWENYEWE. Madalali wakienda huwapa maji ya kunywa na kuwarudisha. Anahamia kwa mwanawe, mji mwingine, mbali. Nyumba safi, vyumba vinne, mlango wa mbele wa mbao ngumu. Taratibu aliposikia habari za mlango, mkono ulisimama hewani na mteja akaingiwa na wasiwasi.

Jumamosi, siku ya soko ambayo mkewe hawezi kuikosa, Taratibu akavaa shati la kola, akapiga moyo konde, akagonga geti. Alifungua mama mmoja mnene kiasi, mwenye miwani ya kamba na viatu vyeupe, ambaye kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshamwona kwamba hajala vizuri.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kwa ajili ya… nimeona kadi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

"Vizuri. Ingia unywe chai."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa upole. Hebu fikiria. Nesi alikuwa amefanya kazi wodi ya watoto maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kumshika mtoto kwa maneno matamu, amzungumzie paka na mpira, mpaka mtoto asahau kwamba kuna sindano. Taratibu naye, akinyoa watoto, alifanya vilevile na mashine. Wote wawili walikuwa mafundi wa kumpoza mtu kabla ya jambo kali. Sasa wamekaa meza moja, na jambo kali liko katikati yao, na kila mmoja anampoza mwenzake kwa ufundi wote alionao, na hakuna anayechoma.

Walizunguka nyumba yote. Taratibu alisifu kila kitu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusifu vichwa. Alisifu baraza, akasifu jiko lenye dirisha la mashariki, akasifu hata ufa wa stoo akisema ni mwembamba. Mbele ya mlango wa mbao ngumu alisimama muda mrefu, akaufunga, akaufungua. Kisha akakusanya nguvu zake.

"Na sasa, Mama, hii nyumba… hii nyumba…" Akapangusa kitasa kwa shati. "Hii nyumba ina madirisha mangapi?"

"Kumi na moja," Nesi akasema, naye akashusha pumzi kama mtu aliyenusurika. "Na kuhusu lile jambo letu, mwanangu, nilikuwa nataka kukuambia kwamba…" Akarekebisha miwani. "Sukari imekutosha?"

Jioni mkewe alikuwa anamsubiri hata kabla hajavua viatu vya soko. "Haya. Bei?"

"Ina madirisha kumi na moja."

Mkewe akamkodolea macho. "Sikuuliza madirisha."

"Bado hatujafika huko. Ni mama mtu mzima, huwezi kumkurupusha."

Jumamosi ya pili aliahidi kufika huko. Alijizoeza njia nzima, akiliambia kila geti alilopita, "Naomba kujua bei yako." Mageti yalimsikia vizuri sana. Kwa Nesi alifika hadi "Naomba kujua", na Nesi alipogeuka kumsikiliza, akamalizia na umri wa tangi la maji. Akajibiwa umri wa tangi, na fundi aliyeliweka, na ugomvi wa fundi huyo na shemeji yake. Kwa kuwa alikuwa na mkasi mfukoni, akapunguza maua ya ukuta ambayo yalikuwa yameota bila adabu, kisha Nesi akaomba amtazamie bomba la jikoni. Jumamosi ya tatu walifika mbali zaidi: Nesi alisema neno "hela", akalisema wazi, lakini ilikuwa katika hadithi ya mtoto aliyemeza sarafu. Halafu akamwona Taratibu amebadilika rangi, akamkalisha, akamfunga mkononi kitambaa cha kipimo chake cha wodini.

"Umekwenda kununua nyumba," mkewe akasema jioni hiyo kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo ya kuogopwa, "umerudi umepimwa presha."

"Iko juu kidogo," Taratibu akakiri.

"Yangu je? Yangu umeshaiuliza? Mwezi unaisha. Kijana wa mwenye nyumba ameshaanza kuja kupima vyumba kwa kamba, anapitisha kamba juu ya kitanda changu. Mabinti wananiuliza tunahamia wapi na mimi nawaambia baba yenu anashughulikia." Akakaa. Hasira ikamtoka ghafla, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. "Nisikilize, Baba Watoto. Jumamosi hii ukirudi bila bei, nitaenda mimi. Na mimi nikienda, unajua nitasema nini kuhusu ile stoo."

Alijua. Alijua pia kwamba mlango wa mbao ngumu utafungwa kwa kishindo kama malango mengine, na kwamba baada ya hapo hakutakuwa na nyumba nyingine kabla mwezi haujakatika. Usingizi ulimpaa wiki nzima, na mteja mmoja alinyolewa ndevu ambazo hakuwa ameomba zinyolewe.

Jumamosi ya nne alikataa chai. Nesi alishtuka; mtu hakatai chai ila ana msiba.

"Mama," Taratibu akasema akiwa bado amesimama, "mimi siwezi. Nimejaribu wiki zote hizi, nimeshindwa. Siwezi kukuuliza bei. Sijawahi kumuuliza mtu bei. Mke wangu atakuja yeye, na akija atakutukana, na si mtu mbaya, ila ndivyo alivyo. Nimeona nikuombe radhi mapema."

Nesi akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba yake. "Mwanangu, na mimi nilikuwa nasubiri uulize, kwa sababu siwezi kuitaja. Kila Ijumaa naiandaa, nasema kesho nitamwambia. Ukifika naona ni aibu. Utaniona mroho." Akajifuta macho. "Unajua kazini nilikuwa nagombana mpaka daktari mkuu akiniona anabadili njia? Lakini ilikuwa kwa ajili ya wagonjwa. Kitanda cha mgonjwa, dawa ya mgonjwa. Kwa ajili yangu mwenyewe sijawahi hata kuomba kiti cha kuegemea mgongo."

"Kumsemea mwingine ni rahisi," Taratibu akasema.

"Ni rahisi sana."

Wakatazamana. Sijui nani alianza kufikiri hivyo, na wao wenyewe baadaye kila mmoja alimsingizia mwenzake. Lakini Nesi ndiye aliyevuta kiti, akakiweka upande wa pili wa meza, akakaa kwa mgongo ulionyooka. "Basi tufanye hivi. Mimi nimsemee mnunuzi. Wewe umsemee mwenye nyumba. Wewe ni mtu wangu, mimi ni mtu wako. Haya, dalali, nyumba ya mteja wako ni kiasi gani?"

Taratibu akakaa. Akakohoa, ila kwa mazoea tu, maana koo lilikuwa wazi kabisa. Akamfikiria yule mama mjane mwenye nyumba yake nzuri, aliyefanya kazi maisha yote bila kiti cha kuegemea, ambaye walimwengu wasio na haya wangependa kumdhulumu, na akasikia uchungu kwa niaba yake. Akataja bei. Ilitoka kwa sauti nzito, na ilikuwa bei ambayo yeye mwenyewe, hata angeuza saluni na vioo vyake na kiti kinachozunguka, asingeifikia.

"Ati nini?" Nesi akasema. "Kwa hiki kibanda? Umeiona ile stoo? Ina ufa unaoweza kupitisha mkono."

"Ufa ule ni mwembamba, na hauongezeki."

"Hauongezeki kwa sababu umeshafika mwisho wa ukuta. Na bomba la jikoni linadondoka."

"Limetengenezwa wiki mbili zilizopita na mtu mwaminifu."

"Na aliyelitengeneza si fundi bomba, ni kinyozi. Mteja wangu ana mabinti watatu, hawezi kulipa hela ya jumba la mfalme kwa nyumba iliyotengenezwa na kinyozi." Naye akataja bei yake, akaishusha mpaka ikafika pale ambapo mtu hununua banda la kuku na kuku mwenyewe hayumo.

Taratibu akapiga meza. Katika maisha yake hakuwahi kupiga meza, na mkono ulimuuma, lakini hakuonyesha. Akazungumzia mbao ngumu ambazo siku hizi hazipatikani. Akazungumzia upepo wa baraza, na jua la asubuhi jikoni, na tangi ambalo fundi wake aligombana na shemeji lakini kazi aliifanya. Nesi akajibu na paa, na kelele za kituo cha maji, na mti wa jirani unaomwaga majani uani. Sauti zilipanda. Jirani mwenyewe akachungulia juu ya ukuta, akakuta mwenye nyumba anaiponda nyumba yake vipande vipande na mnunuzi anaitetea kwa machozi, akashuka polepole akaenda kumwambia mkewe kwamba yule mama kuhama kumemvuruga.

"Na jingine," Nesi akasema, ameinama mbele, uso umemwiva kwa raha ya ugomvi. "Kuna kasoro moja ambayo mteja wako ameificha."

"Mteja wangu hajaficha kitu."

"Ameficha. Mwenye nyumba hataki kutoka." Akaendelea kwa kasi ileile, kama mtu ambaye bado hajasikia alichokisema. "Mteja wangu atatoa hela yake ya halali, atahamia na watoto wake, halafu kila siku ya Mungu atamkuta bibi amesimama getini anaangalia maua. Nani anunue nyumba ambayo mwenyewe bado…" Hapo akajisikia.

Jikoni, bomba likadondosha tone moja. Kumbe lilikuwa linadondoka kweli.

Taratibu aliangalia mikono yake. Alifahamu fika alipo. Alimwona mkewe akikung'uta mkeka uliokwisha kung'utwa, akawaona mabinti nyuma ya pazia, akaiona kamba ya yule kijana juu ya kitanda. Angeweza kusema, "Maneno tu hayo, Mama, tuendelee." Ndivyo ambavyo angesema siku zote, angempoza. Lakini alikuwa amekubali kumsemea mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake na viatu vyake vyeupe, na hakuwa na mwingine wa kumsemea.

"Kama ni hivyo," akasema, "mteja wangu hauzi."

Nesi akauegemeza mgongo kwenye kiti.

"Mteja wangu hataki kuondoka kwake, na asiyetaka kuondoka haondolewi. Mwambie mteja wako akatafute nyumba nyingine. Samahani sana, lakini nyumba hii haiuzwi." Alisimama. Sauti haikuwa inatetemeka hata kidogo, na yeye mwenyewe alishangaa. Akaichukua kofia yake mezani.

"Kaa," Nesi akasema.

Akakaa. Nesi alikuwa analia, bila kelele, bila kujifuta, kama mtu ambaye ameamua kuyaacha yaende yanakotaka.

"Mwanangu amenitumia tiketi," akasema. "Majirani wananipongeza, wanasema utalelewa sasa. Kanisani wamenipa zawadi. Madalali wameuliza vyumba vingapi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mama huyu hataki. Hata mimi nilikuwa sijalisema." Akavua miwani. "Sitaki, mwanangu. Marehemu aliijenga chumba baada ya chumba, kila mshahara ukuta. Sitaki hata kidogo. Ila magoti yangu nayo hayataki kubaki. Nimeanguka bafuni mara mbili, na ile ya pili mwanangu haijui. Nililala pale chini mpaka mvulana wa maziwa akagonga."

Taratibu hakumpoza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mtu ana maumivu asitafute neno tamu. "Inauma, Mama," akasema.

"Inauma. Na mimi nilivyowaambia watoto wa watu haiumi, haiumi, na sindano mkononi. Uongo mtupu ule." Akapenga kamasi, akavaa miwani, akajiweka sawa kwenye kiti, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Haya. Dalali wangu nimemfukuza kazi. Na wewe wako mfukuze. Nauza. Nauza mimi, na bei yangu ni hii."

Akaitaja. Haikuwa ya jumba la mfalme wala ya banda la kuku. Ilikuwa bei ya haki ya nyumba ile, na ilizidi akiba ya kinyozi.

Taratibu akatazama dirisha. Akatafuta kitana cha kupangusa, hakikuwepo. Ukuta wa Nesi haukuwa na maandishi yoyote, ila picha ya marehemu, ambaye alionekana kutaka kusikia.

"Imezidi kidogo, Mama," akasema. "Naomba unipunguzie."

"Kidogo kiasi gani?"

Swali hilo halina huruma. Wengi wetu tunaojiona wajasiri tumelikimbia. Taratibu alilikalia pale, jasho likamtoka shingoni, na mwishowe akataja hesabu yake, yake mwenyewe, ya mfuko wake, mbele ya macho ya mtu. Nesi akaitazama bei hiyo ilivyokaa mezani, akapandisha kidogo, Taratibu akatikisa kichwa, Nesi akashuka nusu ya pale alipopandia, na hapo wakapeana mikono. Jumatatu wangeonana kwa wakili na hati. Kisha wote wawili wakanywa chai, maana walikuwa wamechoka kama watu waliobeba kabati.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshavaa. Viatu vya kutokea, mkoba kwapani, maneno yote kuhusu stoo yamepangwa tayari mdomoni.

"Bei?" akauliza, tayari ameshika kitasa.

Taratibu akaitaja.

Mkewe akaachia kitasa. "Ndiyo aliyoitaja yeye?"

"Yeye alitaja ya juu. Ikashushwa mara mbili."

"Nani aliishusha?"

"Mimi."

Akamtazama mumewe toka utosini hadi kwenye viatu, kama alivyowatazama wateja wake, akitafuta kasoro. "Nani alikwenda kukusemea?"

"Hakuna."

Alikaa kitandani, na mkoba ukiwa bado kwapani. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeachishwa kazi bila taarifa. Midomo ilimcheza, na Taratibu, aliyemjua, alingojea ama kilio ama kicheko. Haikuwa hiki wala kile; soko lilikuwa limemkaa damuni.

"Ungemshusha zaidi," akasema. "Mtu akishashuka mara mbili, ana ya tatu. Ningekuwepo mimi, ningeipata hiyo ya tatu."

"Najua ilikuwepo," Taratibu akasema. "Niliiona. Niliamua kumwachia."

Mkewe akafungua mdomo. Katika ndoa yote ile hakuwahi kukosa la kuongezea, na sasa alilitafuta, akalikosa. Akaweka mkoba chini, akavua viatu, akawaita mabinti waende dukani kuomba maboksi kabla duka halijafungwa.